Sura ya Tano: Anapumuaje Huyu?

Bango la "Wanyama wa Majini" linalotundikwa katika madarasa ya awali hufanana karibu kila mahali. Ni bluu tupu kutoka juu hadi chini, na ndani ya bluu hiyo wamo nyangumi, kiboko, papa, chura, bata, kaa na pweza, wote pamoja, wote wakitabasamu. Mwalimu anaonyesha kwa fimbo, watoto wanaitikia. Kipindi kinapokwisha mtoto ameshika majina saba na uongo mmoja mkubwa: kwamba maji ni mahali pamoja.

Maji si mahali pamoja. Chura akitupwa baharini hukaushwa na chumvi akiwa katikati ya maji. Nyangumi hana kazi bwawani, na kiboko hupitisha usiku wake mwingi nchi kavu akila majani. Mtoto aliyefundishwa kwa bango hana njia ya kuyafahamu haya, kwa sababu bango halimuulizi chochote. Linamtaka akariri.

Rai yangu kwa mzazi na mwalimu wa watoto wa miaka minne hadi saba ni fupi. Orodha iwekwe kando, na badala yake liulizwe swali moja kwa kila mnyama anayeonekana: anapumuaje huyu? Mtoto wa miaka minne hajui maana ya mfumo wa ikolojia na hana haja ya kuijua, lakini pumzi anaijua. Amewahi kubana pua akaona kifua kinamwaka, na amewahi kupaliwa na maji ya kuoga. Na kila anayeishi majini amelazimika kulijibu swali hilo kwa mwili wake, hivyo jibu liko pale pale, linatazamika. Swali la chakula nalo ni zuri, ila ukitaka kuona kiumbe akila itakubidi usubiri sana. Kupumua hakuna likizo.

Anza na maji yaliyo karibu, hata yakiwa na tope. Masika yakishika, ni nadra shule kukosa dimbwi. Mtu mzima achote ndoo moja, aimimine katika beseni jeupe la plastiki. Weupe una maana yake: mdudu wa rangi ya udongo hapotei machoni. Ambako madimbwi hayaaminiki, na nitaeleza punde kwa nini, tega beseni lako mwenyewe uani ukiweka udongo kidogo na majani makavu, ulijaze maji ya mvua na kuliacha wazi. Baada ya siku chache wapangaji watakuwa wamehamia. Kama maji pekee uliyonayo ni ya bomba, yaache kwanza kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima ili klorini ipungue.

Kisha keti na watoto kivulini, mlizunguke beseni, na unyamaze. Hili ndilo linalowashinda walimu wengi. Tumezoeshwa kuamini kwamba mwalimu aliyekaa kimya hafanyi kazi, na mkaguzi akipita mlangoni atadhani hivyo hivyo. Lakini maji yaliyotikiswa hutaka muda yatulie, na wadudu hutaka muda kusahau kwamba walibebwa. Dakika tano za kimya mbele ya beseni zina thamani kuliko kipindi kizima cha kuitikia.

Watakaojitokeza kwanza ni viluwiluwi wa mbu. Wananing'inia chini ya uso wa maji, kichwa chini, mkia juu. Gonga beseni kidogo: wote wanazama wakijinyonganyonga. Subiri: wote wanarudi. Waulize watoto kwa nini wanarudi. Utaambiwa wanaota jua, wanatuchungulia, wanamtafuta mama yao. Pokea yote, usicheke hata moja. Halafu uliza, sisi tukizama tunarudi juu kufanya nini? Yupo atakayevuta pumzi kubwa hata kabla ya kujibu. Ndipo uwaonyeshe ncha ya ule mkia: ni mrija wa kuvutia hewa, umetokeza juu ya maji kama mrija wa soda uliogeuzwa.

Hapo pana somo la pili ambalo watoto wa miaka sita hulimudu bila taabu. Kiluwiluwi wa Anofelesi, mbu aenezaye malaria, hana mrija huo mrefu, kwa hiyo hulala bapa, sambamba na uso wa maji. Kiluwiluwi wa mbu wa kawaida wanaotupigia kelele usiku huning'inia mshazari. Mtoto aliyeiona tofauti hii mara moja anaweza kusimama juu ya dimbwi la jirani na kusema ni nani anayekulia humo, jambo ambalo baba yake pengine hawezi. Na yule mbu wa dengi, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda maji yaliyokaa kwenye matairi, makopo na vifuu vya nazi. Watoto wakishalijua hili wataanza kuvipindua vifuu vyote vya mtaani, na sioni sababu ya kuwazuia. Beseni lenyewe lifunikwe kwa kipande cha chandarua kila mnapomaliza, na kabla ya wiki kwisha maji hayo yamwagwe juu ya mchanga mkavu. Katika joto letu yai la mbu hufika kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi, na hakuna mzazi atakayekushukuru kwa somo linalouma.

Mkibahatika, chini kabisa ya beseni atakuwepo mdudu mpana mwenye macho makubwa na miguu sita, mzito wa kutembea. Ni mtoto wa kereng'ende. Wakubwa wake watoto huwaona wakiruka juu ya majani baada ya mvua. Huyu bado ana maisha ya majini mbele yake, pengine miezi kadhaa. Mwekee viluwiluwi wachache wa mbu uone mdomo wake wa chini unavyofyatuka na kunasa. Halafu uliza lile swali. Hana mrija, haji juu. Anapumuaje? Anapumulia nyuma. Matamvua yake yamo ndani ya utumbo, kwenye njia ya haja. Huyavuta maji kupitia huko na kuyatoa tena, na akishtuka huyafyatua kwa nguvu na kuchupa mbele. Darasa litaangua kicheko ambacho hutaweza kukizuia, na usijaribu. Wapo walimu wanaoona haya kulitaja jambo hili mbele ya watoto. Mimi naona ni zawadi: hakuna mtoto atakayelisahau, na atakwenda kumsimulia bibi yake jioni, maana yake somo limerudiwa bila daftari.

Chura anafahamika zaidi, kwa hiyo nitapita haraka. Viluwiluwi wake hulishwa mchicha uliochemshwa kidogo, na maji yao hubadilishwa nusu nusu. Katika wiki chache watoto wataona miguu ya nyuma ikitokeza, kisha ya mbele, mkia ukipungua. Wengi hutazama miguu tu. Waelekeze watazame pia tabia: jinsi kiluwiluwi anayekua anavyozidi kuja juu kugusa hewa, kwa sababu ndani yake matamvua yanakwisha na mapafu yanaanza kazi. Siku hizo wekeni jiwe lililotokeza nje ya maji. Bila hilo jiwe mtawaua kwa kuwazamisha, hao hao mliowalea majini.

Dimbwi lina jambo lingine la kufundisha ambalo ziwa haliwezi: linakauka. Mtoto akiuliza wamekwenda wapi wote, usimwambie wamekufa kabla hujafikiri. Kereng'ende ameruka. Chura amejificha. Na katika Unguja yuko samaki ambaye jibu lake linashinda hadithi zetu nyingi. Wanasayansi humwita Nothobranchius guentheri, na kwa asili haishi kwingine popote duniani. Ni samaki wa urefu wa kidole cha mtu mzima, dume lake limenakshiwa rangi, mkia mwekundu, na makao yake ni madimbwi na mitaro ya mvua. Dimbwi likikauka samaki wote wazima hufa. Lakini walikwisha kutaga ndani ya tope, na mayai yale hukaa humo miezi kadhaa, yamesimamisha maisha, mpaka mvua irudi. Wala hayaanguliwi yote kwa pamoja: mengine hubaki kusubiri mvua ya baadaye, ili mvua ya uongo ikinyesha siku mbili na kukatika, ukoo usipotee. Jamaa yake mmoja wa Msumbiji amepimwa akifikia utu uzima siku 14 tu tangu kuanguliwa. Samaki hawa hufugwa kwenye vioo Ulaya na Marekani, na wanaochunguza uzee huwatumia maabarani kwa sababu huzeeka upesi. Mtoto wa Unguja anayeruka mtaro kwenda shule ana haki ya kujua kwamba amemruka mtu maarufu.

Upande wa bara, nafasi hiyo inashikwa na kamongo. Watoto wa Mwanza, Musoma na Kisumu wanamjua sokoni, mrefu, mnene, mwenye mapezi membamba yaliyolegea. Kinachowashangaza ni kwamba kamongo ana mapafu na hawezi kuyaacha. Akishakua, matamvua yake peke yake hayamtoshi. Akinaswa na wavu usiomruhusu kufika juu, anakufa maji. Samaki aliyekufa maji! Sema hivyo darasani kisha usiendelee. Waache wabishane. Baadhi ya jamaa zake, maji yakikauka, hujichimbia topeni, hujizungushia utando wa ute unaokauka na kuwa ganda, na kungoja msimu wakivuta hewa kupitia tundu dogo. Kambare naye huvuta hewa, ndiyo maana usiku wa mvua huonekana akitambaa kati ya kidimbwi na kidimbwi. Samaki watatu tu, na tayari lile wazo kwamba samaki ni yule apumuaye majini limeshavunjika mikononi mwa watoto wenyewe.

Sasa kuhusu kuaminika kwa maji. Yapo maji matamu ambayo mtoto hapaswi kuingiza hata kidole, na mwalimu asiyelijua hili asifundishe somo hili nje. Kichocho hakionekani kwa macho. Mayai ya mnyoo huingia majini kwa mkojo au kinyesi cha mtu anayeugua, huanguliwa, na kilichoanguliwa hutafuta konokono wa maji matamu. Ndani ya konokono huyo huzaliana, kisha hutoka kwa wingi jua likiwa kali na kupenya ngozi ya mtu yeyote aliyesimama majini, awe anaoga, anafua au anasoma maumbile. Kandokando ya Ziwa Viktoria kipo kile cha tumbo. Pemba na Unguja kipo kile cha mkojo, kwenye vijito na mabwawa. Baharini hakipo, kwa kuwa konokono wake hawaishi kwenye chumvi.

Kwa hiyo maji ya mto, bwawa na ziwa huchotwa na mtu mzima aliyevaa viatu vya mpira, na watoto hutazama beseni mikono ikiwa nyuma. Konokono akionekana ndani yake maji hayo hayachezewi kabisa. Lakini usimwondoe konokono kwenye somo, maana ndiye somo. Mchoreni ukutani, chora mtu anayekojoa ziwani, chora mnyoo akizunguka kati yao, na uwaulize watoto wapi mzunguko huu unakatika kirahisi. Watakuonyesha kwa kidole, na kila mmoja atacheka, kwa sababu kila mmoja amewahi kukojoa majini. Onyo la mamba na la kuzama linatosha kwa sentensi moja: hakuna mtoto anayekaribia ukingo bila mkono wa mtu mzima, na idadi ya watu wazima ikiwa ndogo safari inaahirishwa. Sitalizungusha zaidi ya hapo.

Kiboko hahitaji kufuatwa mtoni. Picha moja kubwa ya kichwa chake inatosha kipindi kizima. Mpe mtoto picha hiyo na ubao wa kuchorea, umwambie aweke mstari wa maji mahali ambapo kiboko ataona, atasikia na atapumua huku amejificha. Ataona kwamba macho, masikio na pua vyote viko juu, kwenye mstari mmoja, na mstari wa maji una mahali pake pamoja tu. Mkubwa huweza kukaa chini ya maji kama dakika tano kabla ya kuja kuvuta hewa, naye hutembea chini ya mto zaidi ya kuogelea. Kisha fanya vivyo hivyo na kichwa cha mamba, mstari utaangukia pale pale. Wanyama wawili wasio na undugu wa karibu wamelijibu swali kwa namna moja, na mtoto wa darasa la awali amelivumbua hilo kwa penseli.

Ziwa lina kina, na kina huleta swali ambalo dimbwi halina. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake penye kina zaidi, na watoto hudhani samaki wamejaa hadi chini. Hawajajaa. Baada ya mita mia moja au mia mbili hivi, kutegemea uko kaskazini au kusini, hewa iliyoyeyuka ndani ya maji inakwisha; chini ya hapo hakuna dagaa, hakuna mgebuka, hakuna samaki yeyote. Maji yapo lakini pumzi haipo. Njia nyepesi ya kulionyesha ni kuchora ziwa kwenye karatasi ndefu iliyobandikwa kutoka dari hadi sakafuni, watoto wakabandika samaki wao sehemu nyembamba ya juu tu, na sehemu yote iliyobaki ikaachwa tupu. Karatasi ile tupu itawasumbua. Kila anayeingia darasani atauliza, nao ndio watakaomjibu.

Na kwa kuwa tumefika ziwani, mtajeni sato. Mama sato huyabeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na hata baadaye watoto wakiona hatari hukimbilia humo humo. Siku zote hizo hali kitu. Watoto watauliza kama hajawahi kummeza mmoja kwa bahati mbaya. Furu wengi wa Ziwa Viktoria walifanya vivyo hivyo, mamia ya aina zao, kabla sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, hajawamaliza wengi wao. Habari ya sangara ni ndefu na ina wakubwa ndani yake: viwanda, ajira, mapanki. Kwa mtoto wa miaka mitano inatosha kujua kwamba aliingizwa mgeni mkubwa mwenye njaa, na kwamba alioingia kwao hawakuulizwa.

Pwani ndiko ninakokupenda zaidi, na nitakaa kidogo. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa Unguja hufika karibu mita nne. Kwa bahati njema ya walimu, maji ya bamvua huku hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, wakati watoto wamekwisha kunywa uji na jua halijawa kali. Siku za maji mafu usiwasumbue, bahari haitaondoka. Kila mtoto avae viatu. Wafundishwe mapema kutookota kombe lenye umbo la koni hata likivutia namna gani, kwa kuwa mwenyewe akiwa hai ana mwiba wenye sumu, na kutokanyaga kitu chochote kinachofanana na jiwe lenye manyoya, kwa kuwa yupo samaki anayejifanya jiwe na miiba yake ina sumu kali. Jiwe la kweli likiinuliwa lirudishwe lilivyokuwa. Aliyeko chini yake aliwekewa kivuli na unyevu. Akiachwa juani anakufa kabla maji hayajarudi.

Hapa lile swali linageuka. Kule kwenye beseni tuliuliza anayeishi majini anapataje hewa. Huku, maji yakipwa, tunauliza mwenye matamvua anaishije hewani kwa muda wa saa sita. Kaa huweka maji ndani ya gamba lake na kupumua kwayo. Yule wa mchangani mwenye rangi ya mchanga hukimbia ukingoni mara kwa mara kulowesha matamvua yake, na watoto wakitulia watamwona akienda na kurudi. Kombe hujifunga na kungoja. Katika mikoko yuko samaki mdogo mwenye macho juu ya kichwa anayeruka matopeni na hata kupanda mizizi. Amejaza maji mashavuni na hupumua pia kwa ngozi yake yenye unyevu, kwa hiyo kila mara hujigaragaza kwenye tope. Hata mti unapumua hapo: mchu umesimama kwenye tope lisilo na hewa, ukatoa mizizi iliyochomoza juu wima, maelfu kwa maelfu, na watoto watajikwaa juu yake wakidhani ni vijiti vilivyochomekwa na mtu.

Mwalimu wa pwani asiwe mwalimu peke yake. Akina mama wanaochokoa pweza wamesoma chuo ambacho sisi hatukusoma. Wanatambua tundu lenye mwenyewe kwa rundo la makombe na magando ya kaa mlangoni, mabaki ya chakula chake. Mwalike mmoja, umpe heshima ya mwalimu mgeni, na watoto wamwamkie shikamoo kabla hawajamuuliza lolote. Pweza akiwa bado majini, wamwone mfuko wa mwili wake ukijaa na kunywea: hiyo ndiyo pumzi yake, maji yanaingia, yanapita kwenye matamvua, yanatoka kwa mrija. Ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua na mmoja wa mwili mzima, na damu yake ina rangi ya buluu. Bibi huyo atamwua baadaye kwa ajili ya chungu, na hilo lisifichwe. Mtoto anaweza kumstaajabia pweza saa nne na kumla saa saba. Watu wa pwani wameishi hivyo siku zote.

Kisiwa cha Chumbe, kusini ya Mji Mkongwe, kimekuwa kikipokea wanafunzi wa Zanzibar kuwatembeza kwenye matumbawe na msitu wake tangu muongo ule hifadhi ilipotangazwa, mwaka 1994. Wengi huko huvaa miwani ya kuzamia kwa mara ya kwanza maishani, ingawa wamezaliwa hatua chache kutoka baharini. Kisiwani humo yuko pia yule kaa mkubwa wa minazi, ambaye ukimtupa baharini anazama na kufa: hutaga baharini, huanza maisha yake baharini, kisha viungo vyake vya kupumulia hubadilika kuwa vya hewa na hawezi tena kurudi. Ukimweka kando ya kamongo na kasa, ambaye naye hufa maji akikwama kwenye nyavu, utaona watoto wameanza kupanga wanyama kwa pumzi zao bila kuamriwa.

Nimeacha mwisho kisa kigumu. Katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mkubwa wake hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai majini. Huzaa vichura kamili. Makao yake yote yalikuwa hekta chache kando ya maporomoko, mahali ambapo manyunyu ya maji hayakukoma mchana wala usiku. Vyura hupumua pia kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Huyu aliishi ndani ya manyunyu. Kisha likajengwa bwawa la umeme. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ikageuzwa kwenda kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa kwenda Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Korongoni zikatandazwa bomba za kunyunyiza maji, na kwa muda vyura wakaongezeka tena, halafu mwaka 2003 wakaporomoka. Ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura ulikutwa kwa waliokufa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakapelekwa korongoni kwao.

Wengi husema kisa hiki kisubiri sekondari. Sikubali. Mtoto wa miaka sita aliyekaa mbele ya beseni, aliyemwona kiluwiluwi akihitaji jiwe, anakifuata bila kupotea: anajua mnyunyo ulikuwa nini kwa chura yule. Kinachomtisha mwalimu si kisa, ni swali linalofuata, nalo huja karibu kila mara. Umeme wetu huu unatoka huko? Jibu ni ndiyo, kwa sehemu. Mitambo ya Kihansi ina uwezo wa megawati 180 na huingiza umeme wake kwenye gridi ya taifa, na taa iliyo juu ya vichwa vyenu haibagui umeme umetoka mto gani. Sema hivyo hivyo. Watakaotaka bwawa livunjwe na watakaotaka chura ahame waache waseme, halafu waulize: bomba la manyunyu likiziba usiku, chura atapumuaje, na nani atakuwa wa kwanza kujua? Yupo atakayetaka mlinzi. Yupo atakayetaka kengele. Yupo atakayetaka bomba mbili, moja ikiziba nyingine ifanye kazi, na huyo mpe karatasi kubwa na muda wa kutosha achore.